Gundi ya bitana za visu: ribiti haina kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme na mafundi wenzangu wa visu, na pia na wenye maduka ya vifaa ambao kwao tunanunua gundi. Hoja yangu ni bitana ya mpini, lile bamba jembamba, jekundu, jeusi au la kijani, linalolala kati ya kibao cha mpini na msuka, yaani ule mkia wa chuma cha kisu unaoshikwa na mpini. Kisu chenye bitana kikirudishwa mpini ukicheza, lawama huiangukia ribiti, ile pini ya metali inayopenya vibao na msuka. Fundi anaigonga upya, kibao kinapasuka, hasara inakuwa mara mbili. Kazi ya ribiti ni kuzuia kibao kisiteleze pembeni. Kinachokilaza kibao kwenye chuma na kuyafungia maji nje ni gundi.

Kisu kisicho na bitana kina maungio mawili tu, kibao na msuka upande huu, kibao na msuka upande ule. Ukitia bitana yanakuwa manne, na katika kila ungio wanakutana wageni wasiofanana tabia. Mti huvimba na kunywea kwa unyevu, hasa kukata mshipa wake. Chuma hakijali unyevu ila hutanuka kwa joto. Bitana nayo ina mambo yake. Ndiyo maana swali la "gundi gani kali?" halina jibu mpaka useme kwanza bitana ni ya nini na kisu kinakwenda wapi.

Bitana ya faiba ndiyo iliyozoeleka. Hutengenezwa kwa karatasi ya pamba iliyopitishwa kwenye kloridi ya zinki ikashikana kuwa bamba gumu, na kwa mpini unene wa milimita 0.5 hadi 0.8 unatosha. Inanyonya gundi vizuri, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia, kwa sababu inanyonya maji vilevile. Kisu cha muuza samaki pale Feri, kinacholala kwenye ndoo ya maji ya chumvi nusu siku, kitavimbisha faiba kwenye kingo, na bitana iliyovimba inasukuma kibao bila huruma. Kwa kisu cha namna hiyo tumia G10, yaani kitambaa cha kioo kilichogandishwa kwa epoksi, unene wa milimita 0.8 au 1. Hainywi maji. Kasoro yake ni uso unaong'aa, na mng'ao huo lazima ufe kabisa kwa msasa kabla gundi haijaguswa. Vumbi lake ni vumbi la kioo, kwa hiyo lowesha msasa na uvae barakoa.

Shaba nyekundu na brasi hupendeza, lakini zikikutana na chuma cha kaboni kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Gundi hapo inafanya kazi ya pili ya kutenganisha metali hizo mbili, na ikiacha pengo dogo tu, kutu itaanzia humo. Ngozi sipendi kuisikia karibu na kisu cha jikoni.

Kuna mitego miwili ya bitana za kuokoteza. Wa kwanza ni karatasi ya wasuka mota. Zamani karatasi hiyo ilikuwa faiba kweli, lakini nyingi za sasa zina utando wa plastiki ya poliesta katikati au juu, na gundi haiushiki ule utando. Kata kipande, kiwashe kiberiti: faiba huungua kama karatasi na kuacha majivu, ya plastiki hujikunja, huyeyuka na kudondosha matone. Mtego wa pili ni plastiki ya dumu na ndoo. Hiyo ni polietilini au poliprofilini, na hakuna gundi ya kawaida ya dukani itakayoishika, hata uikwaruze kwa msasa gani. Anayeuziwa gundi "inayoshika kila kitu" ajaribu hapo.

Sasa gundi zenyewe. Supa gluu hugandishwa na unyevu, na kwa hewa ya Dar es Salaam inaganda kabla hujanyoosha bitana. Ikishaganda ni ngumu na hukatika kama kioo. Kisu kikianguka kwenye sakafu ya saruji, ungio la chuma linaachia kwa mshindo mmoja, na joto la nyuzi 80 hivi nalo linailegeza. Wapo mafundi wazuri wanaoitumia kushikisha bitana ya faiba kwenye kibao tu, na siwapingi, mradi iwe ile nzito, si ile ya majimaji inayonywewa na faiba yote na kuacha ungio kavu. Kwenye msuka isikaribie.

Gundi ya poliyurethini, ile inayofura povu, ina sifa ya kujaza mapengo. Povu limejaa hewa, halina nguvu, na linapofura usiku linasukuma kibao kutoka kwenye bitana. Asubuhi unakuta mstari wa njano uliojaa vitundu. Gundi ya fundi viatu hubaki mpira milele. Inafaa soli inayokunjwa, lakini mpini hubanwa na kusukumwa upande mmoja kila siku, na taratibu kibao kitahama. Gundi nyeupe ya maseremala inakauka kwa kutoa maji, na kati ya chuma na G10 maji hayana pa kwenda. Chuma kitashika kutu humo humo, na faiba itajikunja kama jani la mgomba juani. Utomvu wa poliesta wanaotumia watengeneza boti za faibaglasi hunywea unapoganda na haushiki chuma vizuri.

Inabaki epoksi ya tyubu mbili, moja ya utomvu na nyingine ya hadena, yaani kigandishi, ambayo mafundi wengi huiita araldaiti hata ikiwa ya kampuni nyingine. Nayo ni ya namna mbili. Ile ya dakika 5 hutumia hadena ya jamii nyingine, na kwa kawaida haivumilii maji na joto kama ya polepole. Isitoshe, kwa maungio manne dakika 5 hazitoshi hata kupaka. Chukua ile inayokupa saa moja au zaidi ya kufanyia kazi na kuhitaji usiku mzima kuganda. Boksi likiandikwa kuwa gundi ina unyumbufu kidogo, ni bora zaidi, kwa sababu mti utavimba na kunywea na gundi inayokubali kunyooka kidogo haitakatika.

Hapa kuna kosa ninalotaka kulisema kwa sauti. Yapo mazoea yaliyotoka kwa mafundi bodi za magari kule Gerezani. Puti ya bodi hutiwa hadena kidogo sana, kama asilimia 2, na ukizidisha inakauka haraka. Kwenye puti hadena ni kiberiti tu: inawasha, kisha utomvu unajiunga wenyewe kwa wenyewe. Epoksi siyo hivyo. Hadena yake ni sehemu ya gundi yenyewe, na kila chembe ya utomvu inasubiri mwenzi kutoka upande wa pili. Ukizidisha hadena "ili iwahi", zinabaki chembe bila mwenzi, na gundi inakaa laini kama bigijii, wiki, mwezi, mwaka. Haitakuja kukauka, na jua halitaisaidia.

Kipimo nacho kina ujanja wake. Zipo epoksi zinazochanganywa 1 kwa 1 kwa ujazo, lakini kwa uzito zinakuwa 100 kwa 80, kwa sababu hadena ni nyepesi kuliko utomvu. Anayekamua kwa macho afuate ujazo, mistari miwili yenye urefu na unene sawa. Mwenye mzani mdogo wa gramu afuate uzito, na asichanganye hesabu hizo mbili. Kiasi si kikubwa. Kibao cha sentimita 12 kwa 3 kina eneo la sentimita mraba 36. Maungio manne ni 144. Tabaka la milimita 0.15 ni kama mililita 2 na kidogo. Ongeza itakayotoka pembeni na itakayobaki kwenye kijiti, changanya mililita 3 za kila tyubu. Jozi ya tyubu za mililita 15 itakutolea visu vitano.

Changanya juu ya kigae, si ndani ya kopo. Epoksi hutoa joto inapoungana, na ikirundikana kwenye kopo joto hilo linaikimbiza; ikitandazwa juu ya kigae inatulia. Koroga dakika mbili kamili, ukikwangua pembeni na chini. Michirizi ikionekana bado haijachanganyika. Kumbuka pia kwamba muda ulioandikwa kwenye boksi umepimwa kwenye nyuzi 23 hivi. Kati ya Januari na Machi mchana wa hapa unafika 32, na kwa makadirio ya kikazi kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda nusu. Gundi ya dakika 90 itakupa kama 50. Mimi naona saa 11 jioni ndiyo saa nzuri: joto linashuka, hewa iliyo ndani ya vinyweleo vya mti inasinyaa na kuvuta gundi ndani badala ya kuipulizia mapovu. Chuma kilichotoka chumba chenye kiyoyozi kisipakwe hapo hapo, kinatoka jasho. Kiache nje nusu saa, kisha kifute.

Utayarishaji wa uso unaamua zaidi kuliko jina la gundi. Msuka upigwe msasa namba 80 hadi 120, mikwaruzo ikatane. Msuka uliong'arishwa kama kioo unaonekana msafi na haushiki kitu. Tupa au grainda ipite kidogo katikati ya msuka ili papinde kama sahani, ukiacha kingo za milimita 4 zilizonyooka, hapo gundi inapata pa kukaa na kingo zinabana bila mwanya. Matundu ya ziada ya milimita 6, matatu au manne, yatobolewe kabla chuma hakijapigwa moto wa kukikaza. Gundi itapita humo na kuunganisha upande na upande, nazo zinakuwa ribiti zisizoonekana.

Kisha usafi. Petroli na mafuta ya taa huacha utando wa mafuta. Tina ya rangi inategemea imechanganywa na nini. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha mara nyingi ina manukato na mafuta ya kulainisha ngozi. Nunua asetoni halisi kwenye maduka ya malighafi za faibaglasi, futa kwa kitambaa cheupe, badilisha kitambaa mpaka kitoke cheupe. Jaribio la mwisho ni tone la maji kwenye msuka: likitandaa, chuma ni safi, likisimama kama shanga, mafuta bado yapo. Kausha, futa tena kwa asetoni, na usiguse kwa kidole. Brasi na shaba zipigwe msasa na kupakwa gundi ndani ya saa hiyo hiyo, kwa sababu zinaanza kufifia mara moja.

Mti nao usiaminiwe kwa macho. Kibao kilichokatwa karibuni kipime kwenye mzani wa jikoni kila wiki, na uzito ukisimama kwa wiki mbili ndipo ukitumie. Mninga na mkongo hazisumbui. Mpingo, ambao wachongaji wa Mwenge wanaujua kuliko sisi, una mafuta yake ya asili yanayopanda juu tena baada ya kufutwa. Msasa, asetoni, subiri ikauke, paka gundi ndani ya robo saa. Ukiuacha mpaka kesho umerudi mwanzo.

Kazi yenyewe ifanywe siku mbili. Siku ya kwanza gundisha bitana kwenye vibao peke yake. Tandika karatasi ya nailoni juu ya kioo au kigae kilichonyooka, paka gundi pande zote mbili zinazokutana, na kwa faiba paka tabaka jembamba, ingoja dakika 10 inywe, kisha ongeza la pili. Laza, weka uzito wa kilo 3 hadi 5, usiguse saa 24. Ukijaribu kubana vitu vyote vitano kwa mara moja, vinateleza kama sabuni na matundu ya ribiti yanapishana. Siku ya pili piga msasa uso wa bitana juu ya kioo mpaka unyooke, toboa matundu ukipitia bitana na kibao kwa pamoja, kisha maliza kabisa sehemu ya mbele ya vibao, ile inayotazama ubapa. Ing'arishe sasa. Ukishagundisha hufiki pale bila kukwaruza kisu.

Ribiti ya fimbo ya brasi, hata ile ya kuchomelea ya milimita 3.2, inafaa ikishaondolewa dawa yake na kukwaruzwa ili gundi ishike. Tundu liizidi kwa milimita 0.1 au 0.2. Ubapa ufungwe kwa selotepu. Paka pande zote, panga, bana.

Kubana ndipo wengi wanapoharibu. Epoksi haitaki nguvu za jiliwa, inataka kugusana tu. Kaza klampu mpaka uone ushanga mwembamba wa gundi umetoka kuzunguka kingo zote, simama hapo. Ukiendelea kukaza unaikamua gundi yote nje na kuacha mti mkavu juu ya chuma kikavu. Ushanga uliotoka upande wa ubapa uufute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ndani ya nusu saa, halafu ukague tena baada ya nyingine nusu, kwa sababu hutoka tena. Vaa glovu. Epoksi ambayo haijaganda huweza kuzalisha mzio wa ngozi, na mzio huo ukishaanza hauondoki. Mkono ukichafuka, osha kwa sabuni, usitumie asetoni, inaipeleka gundi ndani ya ngozi.

Kesho yake, wakati wa kuunda mpini, adui ni joto. Epoksi iliyoganda kwa joto la kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, na diski ya grainda inafika huko kwa sekunde chache, hasa juu ya ribiti, maana brasi hupeleka joto moja kwa moja ndani kwenye ungio. Gusa mpini kwa vidole. Ukishindwa kuushika, umeshachelewa. Kwa sababu hiyohiyo kisu kisiachwe kwenye dashibodi ya gari juani. Na machinjio yanayofuata taratibu za kimataifa za usafi huchovya visu kwenye maji ya nyuzi 82. Huko gundi peke yake haitoshi kabisa, ribiti zigongwe vichwa pande zote mbili, na faiba isitumike.

Kisu kikirudi kimeachia, usikigundishe juu juu. Kitie kwenye maji yanayochemka dakika chache, gundi italegea na kibao kitang'oka kwa kisu chembamba. Nyuzi 100 haziharibu ugumu wa chuma kilichokazwa vizuri. Lakini kabla ya hapo soma pale palipoachia penyewe. Gundi imebaki yote kwenye bitana na chuma ni cheupe: msuka ulikuwa na mafuta au ulikuwa laini mno. Gundi imebaki yote kwenye chuma na bitana ni safi inayong'aa: G10 haikupigwa msasa, au ile bitana ni ya plastiki. Gundi inanata: kipimo kilikosewa au haikukorogwa. Pande zote mbili kavu: ulibana mno, au faiba ilikunywa gundi yote. Nyuzi za mti zimebaki zimeng'ang'ania gundi: ungio lilikuwa zuri, mti ndio ulioshindwa, angalia ukavu wake.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka. Msiziuze tyubu za epoksi moja moja bila boksi. Utomvu wa kampuni moja na hadena ya nyingine havina hesabu moja, na fundi anayenunua hivyo hana namna ya kujua kipimo. Ziondoeni kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua. Utomvu uliofanya chembe nyeupe kama asali iliyoganda msiutupe wala msiuuze kimyakimya. Mwambieni mteja autie kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 au 60 mpaka urudi kuwa angavu, aupoze, ndipo achanganye. Na mteja akiuliza "ipi ni kali?", muulizeni kwanza anagundisha nini na nini.

Fundi wa mipini,
Keko, Dar es Salaam